Damu ya Chokoleti: Je, Filamu za Nyeusi na Nyeupe Zitiwe Rangi?

Bibi yangu ana picha moja tu ya harusi yake. Ilipigwa Tanga mwaka 1963, nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja, na pembe yake moja imeliwa na mende. Mwaka jana binamu yangu aliipitisha kwenye programu ya simu inayotia picha rangi, akamkimbilia bibi kumwonyesha. Bibi akaishika simu mbali na uso, kama afanyavyo akisoma barua, akaitazama kwa muda mrefu. "Huyu ni mimi," akasema. "Lakini kanga hii si yangu."

Siku ile alivaa kisutu, kanga ya bibi harusi wa pwani: nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe. Programu ilimvisha buluu.

Binamu akajaribu tena, na safari ya pili kanga ikatoka ya kahawia. Jambo lile limenikaa moyoni, kwa sababu ni mdogo wake ugomvi mkubwa uliotikisa ulimwengu wa sinema miaka ya 1980, ukafika mbele ya Seneti ya Marekani na mahakama ya juu ya Ufaransa. Ugomvi huo umerudi, maana kazi iliyohitaji studio nzima sasa hufanywa na simu ya mtu yeyote. Swali linasikika jepesi: filamu za zamani zitiwe rangi au ziachwe? Ndani yake yamesokotana maswali kadhaa, na wabishi wengi hawajui kwamba kila mmoja wao anajibu swali tofauti.

Kijivu na siri yake

Watu husema "kurudisha rangi". Hakuna kinachorudi. Kila nukta ya picha ya rangi hubeba namba tatu: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu. Nukta ya picha nyeusi na nyeupe hubeba namba moja, inayosema tu mwanga ulikuwa mwingi au mchache kiasi gani. Ni kama kuokota risiti ya dukani iliyofutika, ikabaki jumla peke yake: shilingi 10,000. Unajua mteja ametumia kiasi gani. Kama alinunua mchele na mafuta, au sukari na sabuni, risiti hiyo haitakuambia hata uikodolee macho hadi kesho. Nyekundu na buluu zenye ung'avu sawa hugeuka kijivu kimoja, na kijivu hicho hakikumbuki kilitoka wapi.

Kwa filamu za mwanzo hali ni mbaya zaidi. Hadi miaka ya 1920 filamu nyingi zilipigwa kwa mkanda wa othokromatiki, ambao hauioni nyekundu. Midomo iliyopakwa rangi ilitoka myeusi, anga ya buluu ilitoka nyeupe, na waigizaji walilazimika kupakwa vipodozi ambavyo ukiviona ana kwa ana utashangaa. Kisutu kikipigwa kwa mkanda ule, nyekundu na nyeusi yake zingekaribia kuwa kitu kimoja. Hapo risiti haijafutika tu. Baadhi ya bidhaa hazikuandikwa kabisa.

Basi anayetia rangi hana budi kukisia. Miaka ya 1980 kazi ilikwenda hivi: filamu ilinakiliwa kwenye mkanda wa video, kisha msanii akakaa mbele ya kompyuta na fremu ya kwanza ya kila tukio, akaamua koti hili liwe la kahawia na pazia lile la kijani. Kompyuta ikavifuata vitu hivyo fremu baada ya fremu hadi kamera ihame au kitu kipya kiingie, na msanii akaanza upya. Filamu ya dakika 90 ina fremu 129,600. Wilson Markle, Mkanada aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa njia hiyo, aliwahi kuitumia mwaka 1970 kuzitia rangi picha za safari za Apollo kwa ajili ya NASA, na mwezini angalau hapakuwa na nguo nyingi za kukisia. Ilipoingia kwenye sinema za watu, nyuso zilitoka zote na rangi moja kama biskuti za pakiti moja.

Akili mnemba ya leo hupita njia nyingine. Hulishwa picha nyingi mno za rangi, huzigeuza kijivu, kisha hufunzwa kukisia rangi zilizokuwapo na kujisahihisha kila inapokosea. Kwa anga na majani inapatia sana, kwa sababu anga na majani hayana ubishi. Lakini kitu kinachoweza kuwa na rangi yoyote, kama nguo, huitia hofu, nayo hukimbilia rangi ya wastani isiyokosea sana: kahawia, au buluu iliyofifia. Isitoshe, inajua kile ilichoonyeshwa. Picha za mitaa ya Ulaya na Marekani imezila kwa wingi kuliko picha za maharusi wa Tanga. Ndiyo maana mashine inayojua kwamba zulia la wageni mashuhuri ni jekundu haijui kisutu ni nini.

Rangi gani ndiyo ya kweli?

Tuseme sasa tumepata mashine isiyokosea, inayoweza kutuambia hasa kila kitu kilikuwa na rangi gani mbele ya kamera. Je, tatizo limekwisha?

Mwaka 1960 mwongozaji Alfred Hitchcock alitengeneza filamu ya Psycho. Teknolojia ya rangi ilikuwapo, na yeye mwenyewe alikuwa ameshatengeneza filamu kadhaa za rangi. Hii aliipiga nyeusi na nyeupe, na moja ya sababu zake ilikuwa damu: katika tukio mashuhuri la bafuni, ambapo mwanamke anauawa kwa kisu akioga, hakutaka watazamaji waone wekundu. Damu inayotiririka kwenye maji ni sharubati ya chokoleti, kwa kuwa kwenye mkanda wa kijivu chokoleti inafanana na damu kuliko damu ya bandia yenyewe.

Sasa mpe mtu kazi ya kulitia rangi tukio hilo. Akitumia rangi iliyokuwapo siku ya kupiga picha, bafu litajaa chokoleti. Akitumia rangi ya hadithi, litajaa wekundu, kitu ambacho mwongozaji alikikataa makusudi. Rangi ya tatu ni ile aliyoichagua Hitchcock, nayo ni kijivu. Kuna rangi ya vitu, rangi ya hadithi na rangi ya kazi ya sanaa, na mara nyingi hazikubaliani.

Mfano huu si wa pekee. Misimu miwili ya kwanza ya tamthilia ya televisheni ya Superman, iliyochezwa na George Reeves kuanzia 1952, ilipigwa nyeusi na nyeupe, na vazi lake lilishonwa kwa vitambaa vya kahawia na kijivu kwa sababu hivyo ndivyo vilivyotoa vivuli vizuri kwenye kioo. Watoto waliona shujaa wa buluu na nyekundu vichwani mwao, na vichwa vyao vilikuwa sahihi.

Mimi hapa ndipo ninapoachana na wale wanaoona nyeusi na nyeupe kama umaskini, kana kwamba watu wa zamani walikula ugali mtupu kwa kukosa mboga. Wapiga picha wazuri wa enzi ile waliifikiri dunia kwa mwanga na kivuli. Gregg Toland, aliyepiga Citizen Kane mwaka 1941, alijenga picha ambazo mtu aliye mbali kabisa chumbani anaonekana wazi sawasawa na aliye mbele, na jicho lako linaongozwa na doa la mwanga tu. Penye kijivu, jicho hukimbilia penye nuru zaidi. Penye rangi, hukimbilia penye nyekundu. Ukitia kitambaa chekundu kwenye kona ambayo mwongozaji aliiacha gizani, umemvuta mtazamaji mkono ukampeleka mahali ambapo hakuna aliyemwita.

James Stewart, mwigizaji mkuu wa It's a Wonderful Life ya mwaka 1946, aliliambia Kongresi la Marekani jambo dogo ambalo kwangu linatosha kuwa hoja nzima. Katika filamu hiyo kuna mhusika anaitwa Violet, jina lenye maana ya zambarau. Waliotia rangi wakaona ni vizuri nguo zake ziwe za zambarau. Stewart alilalamika kwamba mzaha mwepesi wa namna hiyo Frank Capra, mwongozaji, asingeufikiria hata kidogo. Kosa halikuwa kwenye kipimo cha rangi. Mtu mwingine aliongeza neno kwenye sentensi ya Capra, na mtazamaji hana njia ya kulijua neno hilo ni la nani.

Lakini nisiwapendelee wenzangu kupita kiasi. Wapo wanaosema sinema ya zamani ni nyeusi na nyeupe na rangi ni uchafuzi tu. Historia haikubaliani nao. Safari ya Mwezini ya Georges Méliès, ya mwaka 1902, iliuzwa pia katika nakala zilizopakwa rangi kwa mkono, fremu moja moja, na wanawake wa karakana ya Elisabeth Thuillier jijini Paris. Nakala moja ya namna hiyo ilipatikana Barcelona mwaka 1993, ikiwa imegandamana, na baada ya kazi ya miaka mingi ikaonyeshwa tena Cannes mwaka 2011. Filamu nyingi zisizo na sauti zilichovywa kwenye rangi: buluu kwa usiku, manjano iliyokoza kwa ndani ya nyumba, nyekundu kwa moto. Kuzionyesha leo zikiwa kijivu kitupu nako ni kuziharibu. Rangi iliyotoka kwa wenyewe waliotengeneza ni sehemu ya kazi, iwe nyingi au iwe sifuri.

Fedha na sheria

Mwaka 1986 tajiri wa televisheni Ted Turner aliinunua studio ya MGM, akaiuza tena kwa vipande miezi michache baadaye, na akabaki na kile alichokitaka hasa: maktaba ya filamu zaidi ya 3,000. Alikuwa na vituo vya televisheni vya kulisha, na watazamaji waliokuwa wakibadilisha kituo mara tu wakiona kijivu. Akaanza kuzitia rangi. Casablanca ya 1942 ilirushwa ikiwa na rangi Novemba 1988.

Kuna sababu nyingine ambayo haikutajwa sana kwenye matangazo. Hakimiliki ya It's a Wonderful Life ilikwisha mwaka 1974 kwa sababu haikuhuishwa, na kuanzia hapo, kwa takriban miaka ishirini, kila kituo kiliweza kuirusha bila kulipa. Filamu ya kila mtu haina faida kwa mtu mmoja. Lakini ukiitia rangi, na sheria ikatambua kwamba kazi yako ya kutia rangi ni uumbaji, toleo lile la rangi ni lako. Mwaka 1987 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani iliamua hivyo hivyo: toleo lililotiwa rangi linaweza kusajiliwa kama kazi mpya inayotokana na ya zamani. Ukishalijua hili, unaelewa kwa nini filamu ambazo hazikuwa na mwenyewe zilikuwa miongoni mwa za kwanza kukimbiliwa.

Tazama utamu wa hoja hiyo. Mbele ya watazamaji kampuni zilisema, "Ni filamu ile ile, tumeichangamsha tu." Mbele ya msajili zilisema, "Ni kazi mpya, ina ubunifu wetu." Mimi naamini walichosema kwa msajili.

Mei 1987 waongozaji Woody Allen, Sydney Pollack na Milos Forman, pamoja na mwigizaji Ginger Rogers, walikwenda kwenye kamati ya Seneti kupinga. Watetezi walikuwa na majibu, na si ya kupuuzwa. Walisema negativi ya asili, mkanda unaotolewa nakala zote, haiguswi, iko salama kwenye ghala. Walisema ili utie rangi lazima kwanza usafishe nakala nzuri ya nyeusi na nyeupe, kwa hiyo filamu zilizokuwa zikioza zinaokolewa. Walisema vijana wasiotazama kijivu watazijua kazi za wazee wao. Na walisema asiyependa azungushe kitufe cha rangi kwenye televisheni yake hadi mwisho. Hili la kitufe ndilo dhaifu kuliko yote, kwa sababu ili rangi ikae vizuri watiaji rangi walibadilisha pia ung'avu wa picha. Ukiondoa rangi unabaki na kijivu kingine, kilichopauka. Lile la vijana ndilo zito, nami nitalirudia.

Kongresi likajibu kwa nusu hatua. Sheria ya 1988 ya kuhifadhi filamu ilianzisha orodha ya taifa ya filamu 25 kila mwaka, na kutaka filamu ya orodha hiyo ikitiwa rangi iwekewe maandishi yanayomwambia mtazamaji kwamba imebadilishwa bila ushiriki wa baadhi ya walioitengeneza. Sharti la maandishi liliondolewa sheria ilipohuishwa mwaka 1992. Na Citizen Kane? Turner alitangaza mapema 1989 kwamba anafikiria kuitia rangi, kisha Februari akaacha, kwa kuwa mkataba wa mwongozaji wake, Orson Welles, na studio ya RKO ulimpa mamlaka makubwa juu ya kazi yake. Welles alikuwa amefariki tangu 1985. Karatasi aliyoitia sahihi akiwa kijana ndiyo iliyomlinda. Waongozaji wengine wa zama zile hawakuwa na karatasi kama hiyo.

John Huston, kwa mfano. Huston aliwahi kujitokeza hadharani mwaka 1986, akiwa mgonjwa, kulaani kutiwa rangi kwa The Maltese Falcon. Alifariki Agosti 1987. Mwaka uliofuata kituo cha televisheni cha La Cinq cha Ufaransa kilipanga kuirusha The Asphalt Jungle, filamu yake ya 1950, katika toleo la rangi. Watoto wake na mwandishi mwenzake wa mswada, Ben Maddow, wakaenda mahakamani Paris. Walishinda 1988, wakashindwa kwenye rufaa 1989, kisha tarehe 28 Mei 1991 mahakama ya juu, Cour de cassation, ikawapa haki. Ilisema kwamba ndani ya Ufaransa aliyeumba kazi kwa akili yake ana haki ya kuilinda isiharibiwe, hata kama sheria ya nchi ilikotoka inasema mwenye kazi ni kampuni. Mwaka 1994 mahakama ya rufaa ya Versailles ikaamuru fidia.

Hapo zinagongana fikra mbili. Kwa Marekani filamu ilikuwa mali kama nyumba, na aliyeinunua apake rangi atakayo. Kwa Ufaransa filamu ni neno la mtu, na neno haliuzwi lote. Fedha zinahama, ila uzazi haumwondoki mzazi. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaitambua haki hiyo: mtunzi anaweza kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima. Kenya na Tanzania zote ni wanachama, na sheria zetu za hakimiliki, ya Tanzania ya 1999 na ya Kenya ya 2001, zina haki hiyo ndani yake. Lakini soma kwa makini nani anaitwa mtunzi. Sheria ya Kenya inasema mtunzi wa filamu ni yule aliyefanya mipango ya kutengenezwa kwake. Huyo kwa kawaida ni mzalishaji, mwenye fedha. Mwongozaji aliyekesha akipanga taa anaweza kujikuta nje ya mlango wa haki iliyotungwa kwa ajili ya watu kama yeye. Waongozaji wetu vijana waige busara ya Welles: jambo hili liandikwe kwenye mkataba kabla kamera haijawashwa.

Aliyetaka rangi akaikosa

Sasa upande wa pili, na kwa watu wa pwani upande huu una sura tunayoifahamu. Filamu za Kihindi zimejaza majumba ya sinema ya Unguja, Mombasa na Dar es Salaam kwa miongo, na nyimbo zake zimeacha alama kwenye taarabu yetu. Mughal-e-Azam ya mwongozaji K. Asif, iliyotoka Agosti 1960 baada ya miaka mingi ya kuhangaika, ni mojawapo ya zile kubwa kabisa. Sehemu kubwa yake ni nyeusi na nyeupe. Rangi ilipowezekana, Asif alipiga sehemu chache kwa Technicolor, teknolojia ya rangi ya wakati ule, ukiwamo wimbo wa mwigizaji Madhubala ndani ya ukumbi wa vioo. Akaipenda mno, akatamani kuipiga filamu nzima upya, lakini wasambazaji walikuwa wamechoka kumsubiri. Akafariki mwaka 1971 na hamu yake.

Novemba 2004 filamu ikarudi majumbani ikiwa na rangi tangu mwanzo hadi mwisho. Walioifanya walitafiti mavazi na vito vya enzi ya Wamoghul, na Naushad, mtunzi wa muziki, alikuwa hai na akashiriki katika kuupa muziki sauti mpya. Umati ukajaa. Nani atasema Asif alidhulumiwa? Vivyo hivyo Ray Harryhausen, bingwa wa vinyago vinavyotembea kwenye sinema, alisimamia mwenyewe uzeeni kutiwa rangi kwa filamu zake za zamani, akisema bajeti ndiyo iliyomnyima rangi tangu mwanzo. Hoja ya kumheshimu muumbaji inakata pande zote mbili: kama hapana ya Huston ni hapana, ndiyo ya Harryhausen ni ndiyo.

Hata hivyo Mughal-e-Azam inaniachia mashaka. Toleo la rangi lilipunguzwa pia, kutoka dakika 197 hadi 177, na vijana wengi wanalijua hilo tu. Na kuna jambo ambalo hata utafiti wa vito hauwezi kulirudisha. Katika filamu ya 1960, mtazamaji alikaa gizani muda mrefu akiangalia kijivu, kisha yule binti akasimama mbele ya mfalme kuimba kwamba akipenda hana la kuogopa, na ghafla dunia nzima ikawaka rangi. Rangi yenyewe ilikuwa tamko. Ukiipaka kila mahali, wimbo ule unakuwa tukio zuri baada ya matukio mazuri.

Picha inapokuwa ushahidi

Kwa habari za kweli uzito unaongezeka. Mwaka 2018 Peter Jackson, kwa kazi aliyopewa na makumbusho ya vita ya Imperial War Museum ya Uingereza, alitoa They Shall Not Grow Old, akichagua kutoka saa 100 za picha za Vita vya Kwanza vya Dunia. Alisawazisha kasi ili watu waache kutembea kama vikaragosi, akaajiri wasoma midomo wajue askari walikuwa wakisema nini, akatia sauti na rangi. Sare aliweza kuzipatia kwa sababu sare zipo, ameshika mkononi. Niliitazama, nikalia. (Ni filamu ya mapambano ya Ulaya, wapagazi wa vita hivyo huku kwetu, Carrier Corps, waliotuachia jina la Kariakoo, hawamo.) Lakini nilipotulia niliona kwamba nimeanza kuyaamini mambo ambayo hayakupigwa na kamera yoyote: rangi ya macho ya kijana fulani, wekundu wa tope, sauti ya mwigizaji wa leo kinywani mwa marehemu.

Kiasi hicho kinaweza kuvumilika. Kilichotokea Aprili 2021 hakivumiliki. Jarida la Vice lilichapisha picha zilizotiwa rangi na msanii wa Ireland za wafungwa wa gereza la Tuol Sleng, Kambodia, waliopigwa picha kabla ya kuuawa na utawala wa Khmer Rouge. Baadhi ya nyuso zilionekana zikitabasamu. Katika picha za asili hazikutabasamu. Wizara ya utamaduni ya Kambodia ikalaani, na makala ikaondolewa. Mkono ukishazoea kukisia, hausimami kwenye rangi.

Nafikiria mikanda ya kwetu. Usiku wa tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Tanganyika ilipanda: kijani, nyeusi na ukingo wa dhahabu. Rangi hizo tunazijua kwa sababu zimeandikwa, ukitia hutakosea. Mama aliyesimama kwenye umati ule na leso begani, nguo yake nani ameiandika? Na kuna mikanda ya miaka ya 1935 hadi 1937, iliyopigwa na mradi wa kikoloni wa Bantu Educational Kinema Experiment uliokuwa na makao Vugiri, Usambara, kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na ulipaji kodi kwa jicho la waliotutawala. Kijivu cha mikanda hiyo kina msaada wake: kinakukumbusha kwamba hiki ni kitu kilichotengenezwa, na mtu fulani, kwa makusudi fulani. Ukikipa rangi laini za kisasa, propaganda inavaa nguo za sikukuu.

Nimeahidi kurudi kwa vijana. Ni kweli kwamba wengi wakiona nyeusi na nyeupe wanasogeza kidole, na filamu isiyotazamwa imekufa hata ikihifadhiwa vizuri. Ila sisi tuna mfano wetu wa kuleta kazi ya mbali karibu. Dar es Salaam Lufufu aliingiza Kiswahili juu ya filamu za nje, Kenya DJ Afro akafanya hivyo hivyo, na vibanda umiza vikajaa watu ambao wasingekaa dakika kumi mbele ya filamu ya Kichina au Kiingereza. Waliongeza vya kwao, wakabadilisha majina, wakatia vichekesho. Lakini hakuna mtazamaji hata mmoja aliyedhani kwamba yule mwigizaji wa Hong Kong anasema Kiswahili. Sauti ya mfasiri inasikika juu ya sauti ya asili. Muda wote unajua kuna mtu wa kati, unajua hata jina lake.

Rangi haina sauti. Mfasiri wake amejificha ndani ya picha yenyewe, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa juu yake. Kwa hiyo sisemi ipigwe marufuku. Nasema mfasiri asikike: maandishi mwanzoni yanayotaja nani ametia rangi, lini, kwa kukisia au kwa utafiti, na kama mwongozaji alikubali. Toleo la asili liwekwe hapo hapo kando, kwa bei ile ile, lisifichwe ghalani. Kazi ya aliyekataa rangi iachwe. Picha za maiti, wafungwa na watu walioonewa ziachwe kama zilivyo. Hata Turner, aliyeanzisha vurugu zote hizi, mwaka 1994 alifungua kituo cha televisheni cha TCM (Turner Classic Movies) kinachojivunia kuonyesha filamu za zamani bila kuzikata wala kuzitia rangi, na watazamaji wakaja.

Ukitaka kujionea, jaribio halihitaji fedha. Chukua kanga mbili au tatu nyumbani, zitandaze juani, upige picha. Iondoe rangi kwenye simu, kisha nakala ile ya kijivu uipe programu yoyote ya kutia rangi. Weka picha mbili hizo pamoja, umwite mwenye kanga, umuulize ipi ni yake.